Kizibao Changu na Neno la Mgongoni

Wasikilizaji wangu, leo nimeshtakiwa, na aliyenishtaki ni mjukuu wangu wa darasa la tatu.

Sisi wa kazi hii ya habari hupewa vizibao vya kuvaa tunapokwenda kwenye mikutano. Vina mifuko mingi kuliko vitu tulivyo navyo vya kutia humo, na mgongoni pameandikwa neno moja la Kiingereza kwa herufi kubwa: PRESS. Juzi nimerudi nyumbani jua limeshazama, nimeketi barazani navua viatu, kizibao bado mwilini. Nikahisi kidole mgongoni. Kikagusa, kikaondoka. Kikarudi, safari hii kwa nguvu. Nikageuka. "We mtoto, unafanya nini?" Akanijibu kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi: "Babu, si umeandikwa ubonyezwe?"

Shuleni kwao kuna mashine ya maji ya kunywa yenye kitufe, na juu ya kitufe neno ni hilo hilo. Mwalimu amewaambia maana yake bonyeza. Nikaanza kumweleza kwamba hili la mgongoni kwangu ni jingine, maana yake waandishi wa habari. Akafikiri. "Kwa hiyo kubonyeza na waandishi wa habari ni neno moja?" Ndiyo. "Kwa nini, Babu?"

Nikamwambia akaoge.

Mtu mzima akimwambia mtoto akaoge katikati ya swali, ujue ameshindwa. Basi usiku ule, watu wamelala, nikachukua kadi ya mchango wa harusi, ambayo mchango wake nimekwisha kuutoa, nalisema hili kwa sababu najua kamati inasikiliza, nikaigeuza upande mweupe nikaanza kuandika. Mwingereza ana neno moja. Analitumia kwa kitufe, kwa zabibu, kwa shati, kwa umati wa watu, kwa mtambo wa kuchapa, kwa gazeti, na kwa mimi. Nikataka kuona sisi tuna mangapi.

Kichwani nilianzia Kariakoo, kwenye maparachichi. Muuza parachichi ana macho manne. Unanyoosha mkono, unashika tunda, kidole gumba kinaanza kazi yake, na kabla hujamaliza unasikia: "Baba, usinibonyezee parachichi zangu!" Ana haki. Kubonyeza ni kukifanya kitu kibonyee, na kilichobonyea kimebaki na kishimo. Sufuria iliyoanguka imebonyea. Mlango wa gari uliogongwa umebonyea. Neno lenyewe limebeba alama ya kidole. Kubofya, kwa sikio langu, ni dada yake mpole: unagusa kwa ncha ya kidole ujue kama ndani pameiva, kisha unaacha, na tunda linabaki la kuuzika.

Waliotafsiri programu za simu na kompyuta walipotafuta jina la kile ambacho kidole hufanya juu ya kioo, wengine walichukua bonyeza, wengine bofya, na hadi leo simu moja inaweza kukuamuru yote mawili. Mimi ni wa chama cha bofya. Kioo cha simu hakibonyei. Kikibonyea, safari ni ya kwa fundi. Lakini ukipiga simu ya huduma kwa wateja, yule dada mwenye sauti ya asali anasema bonyeza moja, bonyeza mbili, bonyeza nyota kurudi mwanzo, na kwa muda anaokuzungusha hapo naona amechagua neno sawasawa. Mwisho wa yote anayebonyea ni mteja.

Toka sokoni, ingia jikoni. Huko Mwingereza anatumia neno lile lile kupata mafuta ya zeituni na maji ya zabibu. Sisi hatuwezi, kwa sababu kukamua hakuangalii kidole wala uzito, kunaangalia kinachotoka. Ng'ombe hukamwa, na kutoka kukama tukapata kukamua: kutoa hadi kisibaki kitu. Nazi iliyokunwa kwenye mbuzi inatiwa kifumbuni, inasokotwa, inakamuliwa; tui la kwanza zito, la pili jepesi, na kinachobaki ni chicha, wanakula kuku. Pale Forodhani, Unguja, muwa unapitishwa kati ya magurudumu ya chuma, unakunjwa, unarudishwa na kipande cha tangawizi na ndimu, unakunjwa tena, mpaka unatoka mkavu kama kamba ya katani. Singida wanakamua alizeti. Jipu linakamuliwa. Na bendi ikipiga mpaka alfajiri, vijana wanasema jamaa wamekamua. Hakuna anayeuliza wamekamua nini. Jasho, bila shaka, na mifuko yetu.

Halafu kuna kubana. Huku hakutoi kitu. Kunakizuia kisitoke au kisisogee. Kibanio kinabana nywele, koleo linabana kaa la moto, serikali inabana matumizi. Abiria aliyebanwa safarini hana haja ya kueleza amebanwa na nini. Dereva mwenye huruma anasimama porini watu wakachimbe dawa. Na kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni, kondakta haniambii nisogee, maana pa kusogea hapapo. Ananiambia: "Mzee wangu, banana na mama hapo kidogo." Ile silabi ya mwisho, ya kutendana, ndiyo inayopakia abiria wawili zaidi.

Shati nalo Mwingereza analitia kwenye neno lake. Sisi tunalipiga pasi, ingawa hakuna kipigo hapo, au tunalinyoosha, tukitazama matokeo tu na kusahau uzito wa chuma na moshi wa mkaa. Ila kunyoosha kuna tabia ya kuhama kutoka kwa shati kwenda kwa mwenye shati. Nitakunyoosha, baba anamwambia mwana. Miaka michache iliyopita, hela ilipoadimika mifukoni, watu wazima wenye familia walikaa vijiweni wakiambiana kwamba wamenyooshwa, na kwamba vyuma vimekaza. Wachumi waliandika kurasa ngapi kuhusu wakati ule sijui. Mtaa ulitumia maneno mawili, na nati ikasikika inavyolia.

Kadi ilijaa mpaka kwenye namba ya simu ya mweka hazina. Nikalala nimeridhika. Hotuba niliyokuwa nimewaandalia ilikuwa tayari: kwamba Kiswahili huuliza nguvu inaingilia wapi, nini kinatoka, nani anaumia, na kwamba Mwingereza ni kama fundi mwenye nyundo peke yake kwenye mfuko wa vifaa. Ningewasomea, tungejipongeza, ningekwenda zangu nyumbani.

Asubuhi, nikiwa nachukua chai, nikakumbuka kwamba mtoto hakuuliza tuna maneno mangapi. Aliuliza kwa nini kubonyeza na waandishi wa habari ni neno moja. Hilo sikulijibu.

Jibu liko kwenye zabibu. Tangu zama za Warumi, Ulaya walikuwa na mtambo wa mbao wenye skrubu kubwa iliyosimama wima. Unazungusha mkono wake, skrubu inashuka, na ubao mzito unashuka nayo juu ya zabibu au zeituni. Kilatini kilikuwa na kitenzi premere, kukandamiza. Wafaransa wakapata presse, Waingereza wakaikopa, na pamoja na maana zake nyingine ikawa jina la mtambo huo. Kwenye miaka ya 1450, mjini Mainz kando ya mto Rhine, nchi ya mizabibu, Johannes Gutenberg alikuwa na herufi zake za madini ya risasi, amezipanga, amezipaka wino, na akahitaji kitu cha kuishindilia karatasi juu yake kwa nguvu iliyo sawa kila pembe. Kitu cha namna hiyo majirani zake walikuwa wakikitumia kila msimu wa mavuno. Mtambo ukabadili kazi, jina likabaki. Baadaye vilivyochapwa humo navyo vikaitwa press, kisha walioviandika, kisha hata sisi wa redio ambao hatuna wino wala karatasi, na mwisho wa safari ni mgongo wangu barazani.

Kwa hiyo babu yako, mwanangu, kwa ukoo wa jina, ni mkamuaji wa zabibu.

Hapa nakaa kidogo. Tunaposema uhuru wa vyombo vya habari, tunatafsiri maneno ambayo huko yalikotoka yalihusu mtambo wenyewe, mbao na skrubu. Uingereza ya karne ya 17 ilitaka kila kitabu kipate kibali kabla hakijachapwa. Mshairi John Milton alitoa kijitabu mwaka 1644 kuupinga utaratibu huo, na sheria ya vibali ikaachwa ife mwaka 1695. Walichokuwa wakigombania kilikuwa kitu unachoweza kukiwekea mkono: mtambo ule pale chumbani, uzungushwe bila kumwomba mtu ruhusa.

Sisi tukachagua chombo. Sipingi, neno limeshazoeleka na mishahara yetu inalipwa chini ya neno hilo, lakini nimelitafakari. Chombo ni sahani. Chombo ni jahazi. Sahani hupakuliwa tu, haina kauli juu ya kilichopakuliwa. Na jahazi lina nahodha, ndiyo, lakini shehena ni ya tajiri. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi, na nimeona vyombo vya kila namna, vikiwemo vile ambavyo chochote kikimiminwa vinapokea na kusema ahsante. Mwaka 1991 waandishi wa Afrika walikutana Windhoek, Namibia, wakatoa azimio lao tarehe 3 Mei, na miaka miwili baadaye Umoja wa Mataifa ukaifanya tarehe hiyo kuwa siku ya dunia nzima. Kila mwaka siku hiyo tunapewa kizibao kipya. Kile alichokibonyeza mjukuu wangu kimetokana na sherehe hizo.

Mtambo wa kuchapa ulipofika pwani yetu hatukuupa jina la kukamua. Unguja ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ilikuwa na mtambo wa Sultani wa kuchapa vitabu vya Kiarabu. Wamisionari wa UMCA nao walikuwa na wa kwao hapo hapo Unguja, na mwaka 1888 walianza gazeti la Msimulizi. Waarabu walitupa neno matbaa, ambalo mzizi wake ni kutia muhuri. Lililoshinda lakini ni chapa, lililokuja na upepo wa Bara Hindi, neno la alama anayopigwa ng'ombe na nembo iliyo kwenye gunia. Na kwa kuwa Mswahili haoni raha mpaka neno alipige, tukapata kupiga chapa, na mpaka leo serikali ina ofisa anayeitwa Mpigachapa Mkuu. Mzungu aliutazama mtambo ule akaona zabibu. Huku zabibu hatukuwa nazo, za Dodoma zilikuja baadaye sana; tuliutazama tukaona muhuri.

Kabla sijaifunga kamusi ya Kiingereza, kuna press nyingine imejificha humo, si ndugu wa hizi, ila imevaa nguo zao. Manowari za Uingereza za karne ya 18 zilipopungukiwa mabaharia, vikosi viliingia mitaa ya bandarini na kwenye vilabu vya pombe, vikakamata wanaume na kuwapakia. Kitendo hicho nacho kiliitwa press, na kilikuwa moja ya sababu za Marekani kupigana na Uingereza mwaka 1812. Ukilisikia unafikiri ni kwa sababu ya ile nguvu. Kumbe chanzo chake ni neno la kale la Kifaransa la malipo ya kutanguliza, prest: ukishaipokea ile shilingi, wewe ni mali ya mfalme. Neno la fedha na neno la mabavu yakakaa jirani muda mrefu mpaka sauti zao zikafanana, na sidhani ni sauti peke yake iliyoyakutanisha.

Jambo hilo la kukamata watu lilifika huku. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipiganwa huku barabara hazipo na mbung'o wanaua wanyama wa mizigo, kwa hiyo mizigo ikabebwa na vichwa vya watu. Kenya kulipitishwa sheria mwaka 1915 ya kuwatwaa wanaume kwa lazima wawe wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi makwao. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps. Nairobi jina likabaki Kariokor. Hapa Dar es Salaam likabaki Kariakoo, pale pale nilipokatazwa parachichi. Wazee wetu hawakulitafsiri wala kulitafutia kisawe. Walilitamka kama lilivyowaingia masikioni, likawa kambi, likawa mtaa, likawa soko.

Sasa niwaeleze nilivyofungwa mdomo. Jumatano nilikwenda kupima presha. Muuguzi, binti mdogo, akaniamkia vizuri, akanifunga kile kitambaa mkononi, akaniambia: "Mzee, tulia, usiongee." Kumwambia mtu wa redio asiongee ni tiba ya peke yake. Kitambaa kikajaa upepo, kikanibana mpaka nikahisi damu imesimama, kisha akakiachia taratibu. 148 kwa 92. Mwanzo wa hatari, akanieleza, ni 140 kwa 90. Hesabu hizo husomwa kwa milimita za zebaki, hata kama mashine ni ya betri na haijawahi kuiona zebaki, kwa kuwa kifaa cha mkanda wa mkononi alichokitoa Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896 kilikuwa na mrija wa zebaki ndani yake. "Unawaza nini, mzee?" Nikamwambia nawaza neno. Akaandika kitu kwenye faili, sikuonyeshwa.

Ukutani mbele yangu palikuwa na bango: Shinikizo la Damu. Nyumbani hakuna anayesema hivyo. Nyumbani ni presha: mama ana presha, presha imepanda, timu yetu inatupa presha, usinipe presha. Presha ni mtoto wa neno lile la kizibaoni, amekuja kwetu kwa njia ya hospitali akaolewa hapa hapa. Shinikizo nilidhani ni neno la ofisini, la watu waliokaa kwenye kamati na chupa za maji mezani. Ndilo tunalolisoma kwenye taarifa ya habari: waziri amejiuzulu kwa shinikizo, wabunge wametoa shinikizo. Damu na siasa. Nikaona nalo niliweke kwenye kadi, nionyeshe jinsi neno la kubuni lisivyo na mwili.

Nilipofika nyumbani nikafungua kamusi yangu kuukuu, ile iliyopoteza jalada. Shinikizo: mtambo wa kukamulia mafuta au miwa.

Nikavaa miwani nikasoma tena.

Ni kinu. Unguja na Lamu vilikuwepo vinu vya namna hiyo, gogo kubwa lililochimbwa, mchi umeegemezwa ndani, mti mrefu umefungwa kwenye mchi, na kwenye mti amefungwa ngamia aliyezibwa macho asipate kizunguzungu. Ngamia anazunguka asubuhi hadi jioni pasipo kufika popote, ufuta unasagika, mafuta yanachuruzika. Kazi yenyewe iliitwa kushindika, au kusindika. Ukipita leo mbele ya kiwanda chenye bango la kusindika matunda au maziwa, na mageti yake ya umeme na malori yake, mwite yule ngamia, atakuitikia.

Mnaona nilivyoumbuka. Nilikuwa nimemcheka Mwingereza kwa kulitoa neno kwenye mtambo wa zabibu na kulipeleka kwenye magazeti, na sisi tumelitoa letu kwenye kinu cha ufuta tukalipeleka moyoni na Ikulu. Mtambo tofauti, mnyama tofauti, safari ile ile. Yeye aliona skrubu inayoshuka mara moja na kuacha maandishi. Sisi tuliona kitu kinachozunguka, kinachozunguka, mpaka mafuta yatoke. Ukimsikia mtu amejiuzulu kwa shinikizo, utaona kwamba lugha haikukosea: hakusukumwa mara moja.

Baada ya hapo nikawa siiamini tena ile kadi. Nikaenda jikoni, nikamkuta bibi yake mjukuu wangu anasonga ugali. Mwiko unakandamiza unga ubavuni mwa sufuria, unageuza, unakandamiza tena, jasho linamtoka. Nikasimama mlangoni kama mjinga. Kusonga. Watu wakibanana njiani kunakuwa na msongamano. Wakiachiwa nafasi wanasonga mbele. Zamani hata nywele zilisongwa. Mtu aliyezidiwa na mawazo ana msongo wa mawazo, na ukimwona kweli anafanana na unga ule, hana upande wa kukimbilia. Na umeme unaosafirishwa kwenye minara mirefu ni umeme wa msongo wa kilovolti 400. Hebu mkalishe Mwingereza chini umweleze kwa nini ugali, foleni, huzuni na nyaya za umeme vimepewa neno moja. Atakuuliza kwa nini, kwa nini, na mwisho utamwambia akaoge.

Walimu wa fizikia waliona mambo haya hayafai, wakaunda neno lao la darasani: kanieneo, yaani kani kwa eneo. Neno safi, lina hesabu zake kamili, halina ngamia wala mwiko ndani yake, na tangu nimalize shule sijalisikia likitamkwa na mtu asiyeshika chaki. Watabiri wa hali ya hewa wanatuambia mgandamizo mdogo wa hewa. Kwa wajaza matairi ni upepo tu. "Mzee, upepo niweke ngapi?" Weka thelathini.

Bibi yake aliniuliza nimesimama nini pale mlangoni. Nikamwambia nalitazama neno. Akasema kama nimeshiba kwa kulitazama, nisisogee mezani.

Mjukuu nimekuja naye leo. Yuko upande wa pili wa kioo, amekaa karibu na fundi mitambo kwenye kiti kinachozunguka, na mnaweza kukisia ni mizunguko mingapi ameshakwenda tangu tuanze. Nimemweleza habari ya zabibu, ya Mainz, ya ngamia. Ngamia amempenda, zabibu amesema ni chachu. Kuhusu waandishi wa habari ameuliza kama na sisi tunafungwa macho, na fundi mitambo amecheka kuliko ilivyostahili.

Muda wangu umekwisha. Fundi amemwelekeza kwamba babu akinyamaza, kuna kitufe chekundu pale, muziki utaingia. Naona ameshaweka kidole, na naona midomo yake inauliza kitu. Anauliza abofye au abonyeze.

Bofya, baba. Ni cha serikali.